Kumfundisha Mtoto Pale Alipo: Mwongozo Kamili wa Saa ya Kusoma kwa Darasa la Tatu Hadi la Tano

Katika darasa la nne la shule nyingi za msingi yupo mtoto anayefungua ukurasa uleule na wenzake, na midomo yake inacheza pamoja na yao. Mwambie asome peke yake, atainama. Amezoea kuimba somo kwa kufuata sauti za wengine, na kila asubuhi anaingia darasani na hofu kwamba leo atajulikana. Mtoto huyu huchelewa, huumwa tumbo siku ya mtihani, hugombana, au hunyamaza moja kwa moja. Walimu humwita mtoro, mkorofi au mzito. Mara nyingi shida yake ni moja tu: hajui kusoma, na kwenye ratiba hakuna kipindi kinachomfundisha kusoma, kwa sababu mtaala unahesabu kwamba KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, aliimaliza darasa la pili.

Si mtoto mmoja. Tathmini za Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009 kwa ajili ya Tanzania, Kenya na Uganda, ziliwapima watoto majumbani kwa maandishi ya kiwango cha darasa la pili, na awamu baada ya awamu zilikuta watoto wengi wa madarasa ya juu wakishindwa kuyasoma.

Njia ninayoieleza hapa ni ya kuwapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma, badala ya darasa au umri, kwa saa moja kila siku, na kuwafundisha kuanzia pale walipo. Iliasisiwa na Pratham, shirika lililoanzia Mumbai, India, mwaka 1995. Hapa Afrika, Zambia ilianza kuijaribu katika shule za serikali mwaka 2016. Haihitaji kompyuta wala vitabu vya bei kubwa. Inachohitaji ni walimu wakubaliane jambo moja kwa dhati, na hilo ndilo gumu.

Naiweka pia kama njia ya ustawi wa mtoto, na nasema hivyo kwa uzito wote. Klabu, michezo na ushauri nasaha vina kazi yake, lakini haviwezi kumtuliza mtoto anayeaibika mbele ya wenzake kuanzia namba ya asubuhi hadi kengele ya kutoka. Mtoto huyo anahitaji kusoma.

Kwanza, pata saa yenyewe

Usianze na watoto. Anza na mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma, kwa sababu bila saa rasmi kwenye ratiba jambo hili litakufa wiki ya tatu. Omba dakika 60 kila siku, siku tano, muda uleule kwa madarasa yote matatu, ili watoto waweze kuhama vyumba kwa pamoja. Jumuisha watoto wote wa darasa la tatu, la nne na la tano, hata wanaosoma vizuri. Ukiwatoa nje walioshindwa peke yao, umewavika kibandiko ambacho hakitatoka hadi wamalize shule ya msingi.

Pingamizi utakalolisikia kwanza ni hili: silabasi itabaki nyuma. Lijibu kwa heshima, maana mwalimu anayelisema anaogopa kukaguliwa. Mwambie kwamba mada iliyofundishwa kwa mtoto asiyeweza kuisoma haijafundishwa, imepita tu. Magharibi mwa Kenya, Michael Kremer na wenzake walifuatilia shule zilizopewa vitabu vya kiada, wakaona kwamba vitabu viliwasaidia wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri; wengine matokeo yao hayakubadilika, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa kiwango na lugha wasiyoimudu. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019 pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee, ambao kwa miaka mingi walipima kazi ya Pratham. Hayo si maneno ya mtu aliyekaa mbali na madarasa yetu.

Anza mapema, wiki chache baada ya shule kufunguliwa Januari. Ukingoja muhula wa pili, darasa la nne watakuwa wameshabanwa na maandalizi ya upimaji wa kitaifa na hakuna atakayekupa saa.

Kisha wapelekee habari kamati ya shule na wazazi. Maneno yawe mepesi: kila siku kuanzia saa fulani hadi saa fulani, watoto wenu watakuwa wanasoma, na baada ya wiki kadhaa tutawaita mje muwasikilize.

Pili, pima mtoto mmojammoja

Hapa ndipo kazi nzima inasimama au inaanguka, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kipimo ni cha mdomo. Mtihani wa kuandika hautakuonyesha anayenakili kwa jirani. Unahitaji karatasi moja yenye sehemu nne. Unaweza kuitunga mwenyewe. Mfano wake ni huu:

Silabi: ma, ki, tu, pe, so, la, chu, nda, mbo, nya.

Maneno: baba, meza, kuku, sabuni, kalamu, ndizi, mlango, nyumba, kitabu, chakula.

Aya: Asha ana kuku. Kuku wake ni mweusi. Kuku ametaga mayai matano. Asha anafurahi sana.

Hadithi: Juma na bibi yake wanaishi karibu na mto. Siku moja mvua kubwa ilinyesha. Maji ya mto yalijaa na kuingia shambani. Mahindi yote yalilala chini. Bibi alihuzunika sana. Juma aliwaita marafiki zake. Walichimba mfereji mrefu mpaka maji yakatoka. Baada ya siku chache mahindi yakasimama tena. Bibi akawapikia wote viazi vitamu.

Andika kwa maandishi makubwa ya kusomeka, kwa mkono ulionyooka au kwa kuchapa. Andaa matoleo mawili au matatu yenye ugumu uleule, la sivyo watoto wa mwisho kwenye foleni watakuwa wameshaikariri hadithi ya Juma.

Mpe aya kwanza. Akiisoma kama sentensi, bila kukatakata kila neno na bila makosa zaidi ya matatu, mpe hadithi. Akiimudu hadithi, muulize swali moja au mawili: kwa nini bibi alihuzunika? Juma na marafiki zake walifanya nini? Aya ikimshinda, shuka kwenye maneno. Achague matano anayoyataka yeye. Akipata manne, kiwango chake ni maneno. Asipopata, shuka kwenye silabi kwa utaratibu huohuo. Asiyepata silabi nne kati ya tano mwandike "anaanza". Kiwango cha mtoto ni sehemu ya juu kabisa aliyoiweza. Dakika tano zinamtosha kila mtoto.

Sasa namna ya kumkalisha. Meza iwe mbali na wenzake, chini ya mti au kwenye kona ya ofisi inayoonekana na watu, pasiwe na mtoto mwingine anayesikia. Msalimie kwa jina lake. Muulize habari za nyumbani, amekuja na nani, anapenda mchezo gani. Kaa upande wake, usikae mbele yake kama askari wa mapokezi. Akikwama, mpe muda wa kupumua mara mbili tatu kabla hujasema lolote, halafu mpeleke sehemu rahisi zaidi kwa sauti ileile. Maliza kila mtoto kwa kitu alichokiweza, hata kama ni silabi mbili, na umwambie: hizi umezisoma vizuri. Kamwe usimuulize kwa nini hujui. Hana jibu la swali hilo.

Lafudhi isimwangushe. Mtoto anayetoka nyumbani ambako l na r hazitenganishwi anaweza kusoma "karamu" pale palipoandikwa kalamu. Huyo amesoma. Vivyo hivyo kwa dh na th. Unachopima ni kama jicho lake linageuza herufi kuwa neno, matamshi yatakuja kwa kusikia.

Na wakati unampima, mtazame. Anayeisogeza karatasi hadi puani, anayekunja jicho moja, anayegeuza sikio kila unapoongea: mwandikie alama pembeni na umwombe mzazi ampeleke kituo cha afya apimwe. Wapo watoto wanaoitwa wazito ambao hawaoni ubao. Dakika hizo tano pia huenda zikawa mara ya kwanza kwa mtoto kukaa na mtu mzima anayemsikiliza yeye peke yake, na anaweza kukuambia jambo zito: anapigwa, analala njaa, kuna mtu anamsumbua njiani. Msikilize, usimhoji kama polisi, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Peleka suala hilo kwa mwalimu wa unasihi na ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Namba ya bure ya 116 inapokea taarifa za watoto, Tanzania na Kenya pia.

Tatu, panga makundi na uwape walimu

Chukua shule yenye watoto 160 katika madarasa hayo matatu na walimu wanne. Tuseme kipimo kimetoa hivi: wanaoanza 30, silabi 38, maneno 40, aya 28, hadithi 24. Wanaoanza wapate chumba chao na mwalimu wao. Silabi vilevile. Maneno vilevile. Aya na hadithi, jumla 52, waungane kwa mwalimu wa nne, kwa kuwa wengi wao wanaweza kusoma wawiliwawili bila kusimamiwa kila dakika.

Swali ni nani apewe wanaoanza. Desturi yetu ni kuwarundika hao kwa mwalimu mgeni au aliye mazoezini, na mwalimu hodari kubaki na la saba kwa ajili ya ufaulu. Pindua hilo. Wanaoanza wapewe mwalimu mvumilivu kuliko wote, anayejua kuimba, kucheka na kurudia. Kama kuna mwalimu wa darasa la kwanza anayesifika, huyo ndiye.

Walimu wakipungua, kijana wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne anaweza kusaidia, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na kamati, akiwa chumbani pamoja na mwalimu. Asiachwe peke yake na watoto.

Makundi yaitwe kwa majina yasiyo na ngazi: Mwembe, Mnazi, Mbuyu, Mkorosho. Usiyaite A, B, C, wala "wepesi" na "wazito". Watoto watagundua tu, si wajinga. Kinachoondoa sumu ni kuona kwamba mtu anahama. Kwa hiyo tangaza tangu siku ya kwanza kwamba hakuna anayekaa kundi moja mwaka mzima, kisha hakikisha kweli hakai. Mtoto wa darasa la tano aliyekaa na wa la tatu anahitaji neno la pembeni zaidi ya wengine. Mpe kazi ya heshima, kama kugawa kadi au kuongoza mchezo, ili urefu wake usiwe aibu.

Nne, saa yenyewe inavyokwenda

Nitaeleza kundi la wanaoanza na silabi kwa kirefu, maana hao ndio walioachwa.

Dakika kumi za kwanza ni mazungumzo. Kaeni kwenye duara, mkekani au sakafuni, mwalimu naye akae. Uliza kitu wanachokijua: sokoni kunauzwa nini, mvua ikinyesha nyumbani kwenu inakuwaje. Kila mtoto aseme sentensi. Kwa watoto ambao nyumbani wanaongea Kisukuma, Kimaasai au Kihehe, dakika hizi ndizo Kiswahili chao, na mwalimu anayeijua lugha yao aitumie bila kuogopa pale wanapokwama.

Robo saa inayofuata ni chati ya silabi. Ibandike ukutani kwa urefu ambao mtoto anaweza kuigusa: konsonanti zikishuka upande wa kushoto, irabu a, e, i, o, u zikipita juu, na kila kisanduku silabi yake. Kiswahili kina bahati kubwa hapa, kwa kuwa silabi husomeka vilevile popote ilipo. Anayeijua "ka" na "ta" ana "kata" mkononi. Usipite chati yote kwa siku moja. Safu mbili zinatosha. Mwalimu asome akigusa kila silabi, kisha kundi zima, kisha watoto wanne wanne, kisha mmoja. Sasa vunja wimbo: gusa silabi bila mpangilio, toka chini kwenda juu, ruka safu. Anayeimba atajulikana hapo, na utamsaidia hapohapo bila mtu kujua.

Kisha mchezo, robo saa nyingine. Chora visanduku uwanjani kwa kijiti, kila kimoja na silabi. Mwalimu anataja "sa", mtoto anarukia "sa". Akizoea, anarukia "sa", "bu", "ni" na kusema neno alilolijenga. Kwa kadi, kata maboksi ya sabuni au ya biskuti, andika silabi kwa kalamu ya wino mzito, wape watoto wanne kadi ishirini na waone nani atajenga maneno mengi. Neno lisilo na maana nalo lisomwe, watacheka na watakuwa wamesoma.

Dakika kumi ni kusoma maandishi yaliyoungana, hata kama ni mistari minne ubaoni. Usiwanyime hadithi eti hawajamaliza silabi. Mwalimu anasoma huku kidole kikitembea chini ya maneno, wanafuata, halafu kila mmoja anatafuta neno analolijua na kulipigia mstari.

Dakika kumi za mwisho ni kuandika. Si kunakili ubao. Waandike maneno waliyoyajenga kwenye mchezo, na anayeweza aandike sentensi kuhusu lile lililozungumzwa mwanzo. Sahihisha kwa kupita kati yao. Usikusanye madaftari.

Kundi la maneno lifuate mpango huohuo, ila chati ipungue na aya ziongezeke. Aya na hadithi wasome wawiliwawili, waulizane maswali, wasimulie upya kwa maneno yao, waandike mwisho tofauti. Hisabati inaweza kupangwa kwa njia hii pia, kwa vijiti vilivyofungwa kumikumi na vingine vilivyo huru ili makumi na mamoja yashikike mkononi. Lakini ingoje hadi saa ya kusoma imetulia.

Fimbo ibaki nje ya saa hii

Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni bado zinairuhusu kwa makosa makubwa ya nidhamu, si zaidi ya viboko vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa kumbukumbu ya maandishi. Kukosea silabi si kosa la nidhamu. Mwalimu anayemchapa mtoto kwa kutojua kusoma yuko nje ya kanuni, na mbaya zaidi anamfundisha kunyamaza, na anayenyamaza hapimiki wala hafundishiki.

Kwamba walimu wanaweza kubadilika si ndoto. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices lilifanya kazi na shule za msingi kwa miezi 18. Utafiti wa shule 42, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba ukatili wa kimwili kutoka kwa watumishi wa shule ulipungua kwa asilimia 42 ukilinganishwa na shule ambazo hazikufikiwa.

Cha kufanya badala yake: siku ya kwanza tungeni na watoto sheria tatu au nne za kundi lenu, kwa maneno yao. Ya kwanza iwe kutomcheka anayekosea. Tumieni ishara ya kutuliza, kama makofi ya mdundo ambao wote wanaujibu. Anayevuruga apewe kazi ya mikono, na baada ya kipindi aitwe pembeni aulizwe kuna nini. Mara nyingi amewekwa kundi lisilo lake.

Uji kabla ya silabi

Mtoto aliyetembea kilomita kadhaa bila kula hasomi saa nne asubuhi. Kama shule ina uji, weka saa ya kusoma mara tu baada yake. Kama haina, lipeleke kwenye kamati pamoja na mpango huu, mzazi auone uji na kusoma kama jambo moja. Michango ya mahindi, kuni, maji au nguvukazi yote ihesabiwe, ili asiye na fedha awe na cha kuleta.

Nina neno moja la kusisitiza. Mtoto ambaye mzazi wake hajachangia asisimamishwe pembeni akiwatazama wenzake wakinywa. Deni ni la mzazi, lidaiwe kwa mzazi. Shule inayomnyima mtoto kikombe kisha ikamwita kwenye kundi la kusoma inajidanganya.

Pima tena, hamisha, waite wazazi

Baada ya wiki sita rudia kipimo, kwa toleo jingine la karatasi na utulivu uleule. Chora jedwali kwenye daftari kubwa: majina kushoto, kipimo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Anayepanda ahame kesho yake. Hamisha pia katikati ya vipimo ukiona dhahiri mtoto amekomaa. Asiyesogea kabisa, usimlaumu. Angalia mahudhurio yake kwanza, halafu macho na masikio, halafu nyumbani kukoje. Kundi zima lisiposogea, mwalimu mwenzake aingie chumbani atazame, bila ripoti, na baadaye wazungumze. Mara nyingi watakuta chati inaimbwa.

Nchini India Pratham iliifanya kazi hii pia kwa kambi za siku 10 au 20 zilizorudiwa, jumla ya siku 50 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo shule isiyopata saa ya kila siku inaweza kufanya kambi mwanzoni mwa muhula na nyingine baada ya likizo fupi, bila kubadilisha mpango wa ndani ya saa.

Wazazi waitwe baada ya kipimo cha pili. Kila mtoto asome mbele ya mzazi wake tu, kile anachokiweza: wa silabi asome silabi, wa hadithi asome hadithi. Pasiwe na kushindanisha wala zawadi ya wa kwanza. Mweleze mzazi asiyejua kusoma kwamba anaweza kusaidia kwa kumwambia mtoto kila jioni, nisomee, na kumsikiliza hadi mwisho.

Makundi ya chini yatakapokuwa yamebaki na watoto wachache, waweke hao na mwalimu wao hadi wavuke, na saa ya wengine igeuke saa ya kusoma vitabu kwa hiari. Daftari la vipimo likabidhiwe kwa maandishi kwa mwalimu wa taaluma kabla ya kufunga shule Desemba, maana uhamisho hauna taarifa, na Januari darasa la tatu jipya litakuwa linangoja kupimwa.